Kompyuta za Dada Fotu Hazifutwi

Jana nilitupa udongo kwenye kaburi la Fotunata, na leo asubuhi nimetoa simu nimpigie nimuulize kwa nini printa imegoma. Kichwa hakijakubali. Dada Fotu, kweli umeondoka?

Kwa msiomjua: Fotunata ndiye aliyekuwa mama wa chumba cha kompyuta hapa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa. Mmatengo wa milimani aliyeteremka ziwani na Linux yake, ule mfumo wa kompyuta usiolipiwa, akagoma kurudi. Mimi ni Shaibu, wa duka la vitambaa Mbinga mjini. Yeye aliniita Mswahili, mimi nilimwita Mkaidi. Hakuna aliyekosea.

Kazi ya kompyuta tulianzia uani kwa baba yangu kule Mbinga, miaka ile soko huria lilipofunguliwa na kila kitu kikaingia kwa mtumba: mashati, redio, hadi kompyuta. Za kwetu zilikuja na programu za wizi ndani, na virusi juu yake. Nani alijali? Watu walitaka barua zao zichapwe.

Siku moja akaja bwana mwenye tai. Akasema programu zetu hazina leseni, tulipie kila kompyuta au tufunge. Mimi nikakimbilia kumtafutia soda. Fotu akamwambia, "Kaka, umesema kweli. Cha mtu sikitaki." Akafuta kompyuta zote, moja baada ya nyingine, yule bwana ameketi anaangalia, soda haijaisha!

Nilitaka kulia. Mkaidi akatoa mkobani sidi za Linux, aliziomba kwa barua na zikaja kwa posta bure kabisa. Akaanza ku-install.

Wateja wakaja juu. Mwalimu mmoja akasema, "Fotunata, rahisi ghali. Kitu cha bure kikiharibika utamlilia nani?"

"Shikamoo, Mwalimu." Huyo ndiye Fotu, hata kwenye ugomvi salamu kwanza. "Yale mashimo ya ngoro yanayoshika udongo shambani kwenu mlimani, nani alimlipa nani leseni? Bibi yako aliona kwa jirani, akachimba, akarekebisha kufuata mteremko wake. Yakibomoka mnamlilia nani?"

"Tunachimba wenyewe."

"Haya. Kaa hapa tuchimbe."

Mwalimu akakaa, akawa mteja wetu mpaka alipostaafu.

Printa ndiyo ilitutesa. Fotu akaandika kwenye mailing list, kikundi cha barua pepe cha watu wa Linux duniani. Barua za huko mnazijua: swali, mstari mmoja, basi. Yeye, kwa Kiingereza chake, akaanza na shikamoo kwa wazee, habari za nyumbani, huku mvua zimewahi, kahawa imechanua vizuri, mama anaumwa mguu. Printa ilikuja kutajwa chini kabisa.

Mtu akamjibu kwa ukali: punguza maneno, soma manual. Nikamwambia aache, tumeaibika. Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemtukana. Akamwandikia yule mtu: "Mwanangu, kwetu mtu haingii kwa mwenzake akaanza na shida. Nakusalimu tena. Hujambo?"

Kisha mzee mmoja wa nchi ya baridi akajibu. Akauliza shikamoo inajibiwaje. Akauliza mguu wa mama. Halafu akamwelekeza, na printa ikachapa! Baadaye hata yule mkali akawa anaulizia mvua.

Mbinga ilipozoea kompyuta, Fotu akazipakia za kwake kwenye lori lililokuwa linafuata usipa, dagaa wetu wa huku, ziwani, kazifunga mablanketi kama wagonjwa. Nilimuuliza anatafuta nini huko. "Watoto wa Liuli nao wana vidole," akasema, akapanda lori.

Wavuvi, manesi, wanafunzi kutoka vijiji vya Lundo na Lipingo, wote wamejifunzia hapa, kwenye mashine kuukuu ambazo wengine mngeshazitupa.

Sasa niseme linaloniuma.

Jana, udongo haujakauka, bwana mmoja mwenye duka la kompyuta alisema matangani, mdomo umejaa wali: "Marehemu alikuwa na misimamo yake. Sasa tuzifute, tuweke mfumo unaojulikana. Mimi ninao, wala hamtaununua." Na watu wakaitikia kwa vichwa!

Anao. Kaupata wapi? Ni wizi ule ule Fotu alioufuta mbele ya mwenye tai. Na mashine hizi za zamani hazitaubeba. Zikikwama atasema zimekufa, atazibeba kama vyuma chakavu, na chumba kitageuka stoo. Jana nilinyamaza kwa heshima ya msiba. Leo sinyamazi.

Asubuhi hii mume wake, shemeji yangu Anselmi, kanikabidhi funguo. Mwanamume wa watu, macho yamemvimba. Nimefungua, nimewasha mashine zote. Zimewaka. Ni printa tu iliyogoma, na hapo ndipo nilipotoa simu nimpigie.

Nikakaa kwenye kiti chake nikalia. Nilipomaliza nikaandika kwenye mailing list yake. Salamu kwanza. Kisha habari za msiba. Printa chini kabisa.

Majibu yanaingia mpaka sasa, kutoka nchi ambazo hata kwenye ramani sizipati. Kila moja linaanza na Shikamoo. Kila moja, jamani! Wanauliza hali ya Anselmi, wanauliza mvua, wanauliza kama chumba kitaendelea. Mwisho wa barua, maelekezo ya printa.

Nimewajibu kwa niaba yako, Dada. Marahaba. Kinaendelea.

Na wewe bwana wa matangani, ukitaka kuja njoo. Piga hodi, salimia, kaa tuchimbe pamoja. Lakini hapa hufuti kitu.

Printa imekubali. Karatasi ya kwanza nimeibandika mlangoni, herufi kubwa, watu wa barabarani waisome: CHUMBA KIKO WAZI.

Lala unono, Mkaidi wangu. Funguo ninazo mimi.