King'ora cha Gari la Mjomba

Juzi, kwenye gereji moja ya mtaa wa Mahabibo, fundi alikuwa aking'oa king'ora cha zamani kwenye gari kuukuu. Akanionyesha kilichomo ndani: kipande cha chuma juu ya springi. "Hata paka akirukia gari, hiki kinalia," alisema. Uso ukanichoma.

Nilipokuwa mtoto, mjomba wangu alikuwa na king'ora kama hicho garini mwake, alicholetewa na baharia. Alituambia kinamjua mwizi, nami niliamini kinanusa moyo wa mtu.

Alasiri moja, uchochoro ukinuka samaki wa kukaanga, Zafi, mvuta riksho wa mtaani kwetu, aliliegemea gari lile apumzike. King'ora kikalia. Nikatoka mbio nikipiga kelele kwa Kiswahili na Kimalagasi, "Mwizi! Mpangalatra!" Waliokuwa wakitoka msikitini wakamzingira.

"Na ndara hizi za mtoto umeziiba wapi?" Mjomba alimuuliza Zafi, akazinyakua mkononi mwake na kumzaba kofi.

Zafi alinitazama mimi tu. Zilikuwa ndara zangu, nilizozisahau chuoni tulikosoma Kurani, na yeye alikuwa akiniletea. Nilizitambua mara moja. Nikaifukia miguu yangu mchangani, isionekane kuwa mitupu.