Kamba Ikilegea

Watu wengi hudhani mtu wa zimamoto anaishi na moto. Huku Sumbawanga moto upo, hasa upepo wa Julai na Agosti unapopita juu ya nyasi kavu na mtu ameamua kusafisha shamba lake kwa kiberiti. Lakini kwa miaka yote niliyoongoza timu ya uokoaji ya kituo chetu, kilichonichosha zaidi ni visima. Vijijini visima huchimbwa kwa mikono, vyembamba na virefu, na kiangazi maji yakishuka, fundi huitwa aingie aongeze kina.

Mimi nilikuwa wa kushuka. Mwenzangu alikuwa wa kushika kamba. Hatukukaa kikao kugawana hivyo. Mimi ni mwembamba, na yeye ana mikono ya mtu aliyekulia nyuma ya jembe la ng'ombe huko Kalambo. Mambo ya hewa ya shimoni, mafundo na uzito nilijifunza mwenyewe kwa kusoma vitabu vya Kiingereza, kamusi ikiwa pembeni, maana shule yangu iliishia kidato cha pili. Yeye hakutaka kuvisoma. Alisema kusoma ni kazi ya anayeshuka, anayeshika anasikiliza kwa viganja. Lugha yetu ilikuwa fupi. Nikivuta mara moja, simamisha. Mara mbili, legeza. Mara tatu, pandisha. Kwa miaka mingi hatukuhitaji zaidi ya hapo.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya Septemba, kijiji kimoja kando ya barabara ya Matai. Fundi wa visima alikuwa ameteremsha pampu ya petroli hadi karibu na maji, akaiwasha, kisha akashuka mwenyewe kuangalia kwa nini inasuasua. Moshi wa mashine ndani ya shimo hauna pa kwenda. Mtu huona usingizi, basi. Tulipofika, jua lilikuwa la mchana na watu walikuwa wamejaa uani: ndugu zake, majirani, wanajumuiya wa kanisa waliokuwa wametoka kwenye sala. Kila mmoja alitaka kufanya kitu. Hivyo ndivyo wanavyoishi. Nyumba ikiezuliwa na upepo, hakuna anayesimama mikono mfukoni. Ng'ombe akikwama kwenye tope, kijiji kizima kinavuta.

Nilivaa mtungi wa hewa na barakoa, nikashuka. Fundi alikuwa ameketi kwenye maji kama mtu anayepumzika. Nilimfunga mkanda wa kuokolea chini ya makwapa na katikati ya mapaja. Kisima hakikuweza kupitisha watu wawili pamoja, kwa hiyo nilihamishia kamba kwake, nikavuta mara tatu, nikajibana ukutani kusubiri.

Alianza kupanda taratibu, kama mwenzangu alivyozoea. Kisha akaanza kupanda haraka, kwa mishtuko. Huko juu ndugu zake walikuwa wameona kichwa chake kinatokeza kwenye mwanga, wakaruka kuishika kamba wasaidie. Mwenzangu aliwapigia kelele waache. Nani angeacha? Walivuta kama wanavyovuta ng'ombe. Mkono wa fundi ukanasa kwenye bomba la pampu, mkanda ukapinduka, akachomoka, akarudi chini. Aliniangukia begani. Barakoa ikasogea, nikaishika kwa mikono miwili na kubana pumzi mpaka ikakaa sawa.

Hospitalini daktari alituambia fundi alikuwa amekwisha kufa kabla hata gari letu halijatoka mjini. Nililiamini hilo na ninaliamini hadi leo. Mwenzangu alimsikiliza daktari hadi mwisho, akamshukuru, akaenda kukaa kwenye gari. Baadaye ndipo aliponieleza. Hakuona kitu. Alisikia tu uzito ukiondoka mikononi, kamba ikawa nyepesi kama uzi, na chini kukawa kimya kwa sababu mimi nilikuwa nimebana pumzi. Kwa muda ule alijua ametuua wote wawili.

"Lakini niko hapa," nilimwambia.

"Nakuona," alisema. "Mikono ndiyo haijakuona."

Alikuja mtaalamu wa ushauri, akakaa nasi siku nzima, mtu mpole. Alitusihi tuzungumze. Tulizungumza. Tulimweleza kwamba tunalala vizuri. Baada ya hapo tukarudi kuosha gari.

Tatizo lilijitokeza kwenye mazoezi. Nyuma ya kituo tuna mnara ambao tunateremshia gunia la mchanga badala ya mtu. Mwenzangu aliliteremsha vizuri kabisa, hadi gunia lilipogusa ardhi. Kamba ikilegea tu, alikuwa akiivuta kwa nguvu zake zote. Gunia liliruka na kugonga ukuta. Alijaribu tena, likaruka tena. Hakuwa anaamua kufanya hivyo. Ukimtazama usoni, alikuwa anashangaa kama sisi.

Vijana wa zamu yetu walifanya utani, maana hawakujua la kufanya zaidi.

"Afande, umenasa samaki gani, kambale au kuhe?"

"Kuhe," alijibu. "Mama yako kaniagiza."

Walicheka na yeye akacheka. Lakini nilielewa, na wao walielewa, kwamba aliye chini hana budi kusimama, na akisimama kamba italegea. Ukimnyakua kabla hajamfunga mgonjwa, utamgonga ukutani, au utamtenganisha na mtungi wake wa hewa. Hakuna aliyetaka kuwa lile gunia. Hata mimi sikutaka.

Tuliendelea hivyo tangu mvua za kwanza hadi mahindi yalipoanza kutoa mbelewele. Bega langu lilikuwa linauma kila asubuhi ya baridi, na huku asubuhi nyingi ni za baridi. Tulizima moto wa kibanda cha chipsi, tulimtoa dereva wa lori lililopinduka, na kazi hizo mwenzangu alizifanya bila kasoro. Kamba tu. Mwishowe mkuu wa kituo aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Sitaki maelezo marefu," alisema. "Wewe ndiye unayeshuka. Ukisema abaki kwenye uokoaji, atabaki. Ukisema hapana, Jumatatu anahamia ukaguzi, azunguke madukani kuangalia vizimia moto. Si adhabu. Mshahara ni uleule na analala kwake kila siku."

Niliomba anipe hadi mwisho wa wiki. Jioni ile nilimweleza mwenzangu kama nilivyoambiwa, bila kupunguza. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za kituo, upepo unatupiga usoni. Alisugua viganja.

"Ukaguzi si kazi mbaya," nilisema.

"Si mbaya."

"Utapumzika."

"Kaka, nikihama sasa, kazi yangu ya mwisho hapa inakuwa ile," alisema. "Miaka yote hii, halafu ya mwisho inakuwa ile."

Nilimpenda kama ndugu, na sikuwa tayari kuning'inia kwenye mikono yake. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja ndani yangu, na nilichoka kuyabeba kuliko ninavyochoka kubeba mtungi.

Wiki haikuisha kabla simu haijalia. Mama mmoja alikuwa ametumbukia kisimani kijijini, mbele ya Mwimbi. Mvua ilikuwa imelainisha udongo, ukingo ukamega akiwa anachota maji. Yu hai, walisema, anaongea. Barabara ilikuwa ya utelezi na gari letu ni zito. Mwenzangu alikaa kati yangu na dereva.

Uani tulikuta yaleyale, watu wengi wenye nia njema. Tangu Septemba nilikuwa nimeongeza kamba moja kuukuu kwenye gari, na siku hiyo niliitumia kwa mara ya kwanza. Nilifunga ncha moja kwenye bampa la mbele, ncha nyingine nikawapa ndugu wa yule mama, mbali na kisima.

"Shikeni hii kwa nguvu. Msiiachie hata kidogo mpaka niseme."

Waliikamata wote, wanaume kwa wanawake, wakajipanga na kukita miguu. Mzee mmoja aliyevaa koti la mvua aliifuata kwa macho hadi pale ilipofungwa kwenye bampa, akanitazama mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii inashika nini?"

"Inashika gari, mzee."

Alitikisa kichwa polepole. Nadhani alielewa. Akasogea, akaishika na yeye.

Tulisimika stendi ya miguu mitatu juu ya kisima, tukapitisha kamba yetu kwenye kapi. Nilishusha kipimo cha hewa, hewa ilikuwa safi. Hakukuwa na pampu humo. Kutoka chini sauti ikapanda.

"Mmefika?"

"Tumefika, mama. Umeumia wapi?"

"Mguu. Mmechelewa. Nimeimba nyimbo zote za kanisani, zimeisha, nimeanza kurudia."

"Imba moja tu ya mwisho, mama."

"Hapana. Koo limekauka, na maji nimeyakalia."

Watu walicheka kwa unyonge. Nilianza kuvaa mkanda wa kushukia, na nilipoinua mkono kupitisha kamba ya bega, bega likakataa. Mwenzangu alikuwa amevaa glavu zake na kusimama mahali pake pa siku zote. Aliitazama kamba iliyolala chini kwa mikunjo. Kisha akavua glavu, akanikabidhi.

"Lete mkanda," alisema.

"Hujawahi kushuka."

"Nimekushusha wewe mara ngapi? Njia naijua." Akashusha sauti. "Mimi nikiwa chini, kamba ikilegea nitajua kwa nini imelegea."

Nilikaa miaka mingi na vitabu vyangu, na jambo hilo halikunijia. Tulikuwa tumezoea mno kwamba huyu ni wa kushuka na yule ni wa kushika. Nilimpima kwa macho nikilinganisha na mdomo wa kisima. Kilikuwa kipana kuliko kile cha Septemba. Nikamfunga mwenyewe, nikakagua kila fundo, nikakagua tena. Vijana wawili wakasimama nyuma yangu kuongeza nguvu, nikaanza kumshusha.

Ni mzito. Uzito wake ulinikaa viganjani, mikononi, hadi kwenye lile bega, na nilihesabu kila sehemu ya kamba iliyopita kama mtu anayehesabu ng'ombe wake. Nilimsikia akimsalimia mama, na mama akimwambia asimkanyage. Kisha akafika, akasimama, na uzito ukaondoka.

Nilikuwa nimesoma juu ya hilo, na alikuwa amenieleza. Lakini sikujua. Mikono inabaki imeshika kitu ambacho hakipo. Kila kitu ndani yangu kilitaka kuvuta, nihakikishe kama bado kuna mtu upande wa pili. Nilisikia vidole vikianza kukaza.

"Afande," kijana aliye nyuma yangu alinong'ona, "tuvute?"

"Subiri."

Ikaja mara mbili, anataka nilegeze. Nikalegeza. Ikawa nyepesi zaidi. Nilitazama kapi, sikutazama shimo. Baadaye zikaja tatu, wazi kabisa, zenye nguvu za mtu anayelima.

Mama alitokeza ametapakaa matope, mguu mmoja umefungwa kwenye vipande vya mbao. Ndugu zake walitaka kukimbilia, lakini walikuwa wameambiwa wasiachie, na mzee wa koti la mvua akawakemea kwa Kifipa wabaki na kamba yao. Tulimlaza kwenye machela.

"Ndoo yangu," alisema.

"Tutaitafuta, mama."

"Yule baba yenu mnene ameikalia huko chini."

Mwenzangu alipopanda alikuwa na ndoo mkononi. Alikaa kwenye majani, akavuta pumzi, watu wakaja kumshika mikono mmoja baada ya mwingine, naye aliwaachia wamshike. Hakutabasamu sana. Sote tulikuwa tumechoka.

Tulimfikisha mama hospitalini, tukageuza gari kurudi kituoni. Njiani aliniuliza, akiwa anatazama mbele.

"Ilikuwaje?"

"Nyepesi," nilisema.

"Eeh."

"Nyepesi mno."

"Ndiyo hiyo," alisema, akaegemeza kichwa kwenye kiti, akalala hadi tulipofika mjini.

Ijumaa nilimwambia mkuu kwamba mwenzangu abaki, ila tumebadilishana, yeye atashuka na mimi nitashika. Visima vyembamba atashuka kijana mmoja tunayemfundisha. Mkuu aliuliza kama ni kwa muda. Nilisema sijui, na alikubali jibu hilo.

Nashika kamba hadi leo. Nyumbani, mke wangu akinipokea mfuko wa unga, vidole hukawia kufunguka baada ya uzito kuondoka, naye husubiri mpaka nilegeze.