Majina ya Dada Bhoke Sikuyaandika

Nimekosa, ndugu zangu. Nawaandikia ninyi kwa sababu nikitazamwa usoni nashindwa kusema.

Nililelewa kwenye nyumba ya watoto huku Musoma mpaka ilipofungwa. Tulichapwa, tulilala njaa, na waliokufa walizikwa nyuma ya jiko bila alama yoyote.

Fundi Hamisi, mshonaji wa Nyakato, naye alikulia mle zamani. Ndiye aliyetukusanya sisi tuliotoka mle, tusimulie yaliyotupata. "Tuandike wenyewe," alisema. "Waliotuchapa hawataandika." Redio kaseti ya kunasia sauti alikuwa nayo, ila betri madukani hakuna. Basi daftari nikapewa mimi, kwa kuwa nimemaliza la saba.

Aliyesimulia sana ni Dada Bhoke. Huyo ndiye alikuwaga anatuogesha sisi wadogo. Jamani, alijua kusema! Watu walilia, wakampa chai ya kwanza, na sukari ilivyokuwa shida! Siku niliposimulia mimi niligugumia, wakaanza kutazama mvua. Wivu ukanikaa kooni kama mwiba wa sato.

Halafu akanitania: "Andika, mdogo wangu! Konokono keshafika Bunda!" Wakacheka wote. Lo, nilivyomchukia!

Jumamosi ile ile akataja waliozikwa nyuma ya jiko, mmoja mmoja, na kwao ni wapi. Hakusoma; aliwaweka kichwani miaka yote, na hakuna mwingine aliyewajua. Mimi nikainama, nikachora vijistari kama mtu anayeandika.

"Umeyapata yote?"

"Yote, dada."

Mungu wangu! Nilijua nitamwuliza tena hasira ikiisha. Hazikupita wiki tatu, malaria ikamchukua. Zahanati haikuwa na dawa.

Juzi amekuja kwa Fundi mama mmoja kutoka Murangi. "Baba, nasikia mmewaandika watoto waliokufa. Niangalizie Magesa wangu. Nilimwacha pale mwaka wa njaa."

Fundi akanisukumia daftari. Nikafunua. Vijistari! Nadhani Dada Bhoke alimtaja Magesa. Nadhani tu!

"Simwoni, mama."

Yule mama akapiga vigelegele. "Basi mwanangu yu hai!"

Nikafunga daftari, nikamwacha aende. Sasa nasikia anazunguka soko la Bunda, anashika vijana mikono, anawauliza jina.

Wewe uliyepewa kalamu, ukimwonea mwenzako wivu, mnunie, msusie hata chai. Lakini alichosema kiandike! Mimi kesho nakwenda Murangi kumwambia yule mama, na sijui nitaanzaje.