Dakika Moja ya Kumkumbuka Komeo

Jamani, siku hizi nikipita sokoni watu wananiuliza, "Dada Gau, leo tunamzika nani?" na mimi nacheka tu, nitafanyaje, aibu nilijitafutia mwenyewe kwa mdomo wangu, tena kwenye maiki, uwanja umejaa. Naisimulia mwenyewe leo kwa sababu kila anayewasimulia anatia chumvi yake, na nataka mjue kwanza kwamba mimi sikuzimia. Aliyeanguka ni mchezaji wetu wa zamani, jina lake la uwanjani Upepo.

Mnanijua, nauza mafuta ya alizeti, lakini ugonjwa wangu ni timu ya Radi. Baba yangu alikuwa akinipakia kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, nimejifunika kitenge cha mama kwa ile baridi ya kwetu inayopenya mpaka kwenye meno, tunakwenda kuwatazama Radi enzi bado wanacheza kwa moyo. Uwanja hauna nyasi, ni changarawe tupu, na upepo ukivuma mpira wa kona unaweza kurudi kwa aliyeupiga. Ndiyo maana jioni pale kibandani kwangu wanakuja watu wazima, wanakaa juu ya madumu yangu (ya mafuta, ya kuuza!) na tunaanza kuwataja wale wa zamani mpaka giza linaingia na mteja akija anaambiwa asubiri, tuko dakika ya themanini.

Tulikuwa tukimtaja Upepo, winga wetu wa kulia, ambaye bahati nzuri tunaye hapahapa mjini, ni dalali wa mahindi, ana tumbo sasa, lakini enzi zake beki akigeuka kumtafuta alikuwa ameshapiga krosi na anarudi. Halafu tukishamaliza kumsifu Upepo, na Upepo mwenyewe amekaa pale anaitikia kama anasomewa dua, tunahamia kwa Komeo. Kwa Komeo kila mtu anashusha sauti.

Komeo alikuwa golikipa. Jina lake ni Deogratias lakini hakuna aliyemwita hivyo. Mrefu, mikono kama koleo, anaruka juu ya changarawe ile anatua na magoti yanavuja damu, anajipangusa kwa mate, anapiga mpira mbele na kuwaambia mabeki, "Nendeni huko, hapa nimefunga." Penalti ikipigwa anainama anafunga kamba za viatu taratibu, taratibu, mpaka mpigaji anaanza kumwangalia refa kama anaomba msaada. Baba alikuwa akiona mpira unakwenda kwa Komeo anaacha kutazama, anainama kumenya karanga zake. Nikimuuliza mbona hutazami, anasema, "Nitazame nini, si upo kwa Komeo?"

Mechi yake ya mwisho niliiona. Tulicheza na timu iliyotoka Mbeya, tukitoka sare tu tunapanda daraja, mvua inanyesha, na mwishoni kabisa likapigwa shuti dogo, shuti la mtoto, Komeo akalidaka, likateleza, likapita katikati ya miguu yake. Basi. Watu waliokuwa wakimbeba mabegani wiki iliyopita walimrushia matope. Walimwita Mlango Wazi. Alivua glavu zake, akapita kwenye mikaratusi kule nyuma ya goli, akaenda, na hakurudi tena uwanjani wala mjini. Wengine walisema anaishi kijijini Kate, wengine wakasema ameshuka bondeni, yuko Milepa.

Sasa mwaka jana tukaamua kufanya bonanza la maveterani wa Radi, tuwaite wote walio hai, tuwavalishe jezi mpya, wacheze hata robo saa, tuwashangilie kabla hatujaanza kuwashangilia makaburini (hayo maneno niliyasema mimi, kwenye kikao, na nilipigiwa makofi). Tangazo likatoka redioni. Mimi nikachaguliwa mshereheshaji kwa sababu ya sauti, ukishauza mafuta karibu na mashine ya kusaga nafaka huhitaji spika.

Siku mbili kabla, akaja Masanja. Masanja ni Msukuma, wazazi wake walihamia na ng'ombe huko bondeni, naye ni shabiki wa Radi kuliko sisi tuliozaliwa hapa. Akaniambia, "Dada Gau, nimetoka Milepa kununua ng'ombe, nimekuta msiba mkubwa. Wanamzika mzee mmoja Deo, wanasema alikuwa kipa hodari sana zamani."

Nilishika kifua. Nikalia palepale na kipimo cha mafuta mkononi. Upepo alikuwepo, akasema, "Gau, mimi nina namba yake ya zamani, sijui kama inafanya kazi. Ngoja nipige tuhakikishe."

Na hapa ndipo nilipokosea, jamani, hapahapa. Nikamwambia, "Akipokea mkewe utamuuliza nini? Samahani mama, eti mumeo amekufa? Mtu anaulizwa hivyo? Acha. Jumamosi tumkumbuke, Jumatatu tuchange tupeleke pole kama watu wenye adabu." Upepo akarudisha simu mfukoni. Adabu! Adabu yangu ndiyo iliyoniua.

Jumamosi ikafika. Uwanja wa shule umejaa, jenereta linanguruma, maveterani wamekaa kwenye benchi wamevaa jezi zinazobana, na mimi nimeshona gauni rangi za Radi, nyekundu na nyeupe, nina maiki. Nikawasalimu wazee shikamoo, nikawataja wachezaji mmoja mmoja kwa sifa zake, watu wanapiga vigelegele, nikaona nimeiva. Kisha nikashusha sauti. Nikasema, "Ndugu zangu, kuna mmoja alitakiwa kuwa hapa. Mungu amempenda zaidi. Tusimame dakika moja kumkumbuka marehemu Deogratias, Komeo wetu."

Uwanja mzima ulitoa mguno. Kofia zikavuliwa. Mama mmoja nyuma yangu akaanza kulia kwa Kifipa, na mkilia Kifipa mnajua hamlii kidogo. Jenereta likazimwa. Baada ya dakika katekista akaongoza raha ya milele umpe ee Bwana, na hapo ningeweza kuishia, mpira ukaanza, aibu ikawa ya kawaida. Lakini nikaona watu wana simanzi nzuri, nikasema atakayependa aje atoe neno.

Akatoka Upepo. Akasema, "Mimi mlinipenda kwa kukimbia, lakini nilikimbia kwa sababu nilijua nikipoteza mpira, yuko nyuma. Ukicheza mbele ya Komeo unacheza bila woga. Sijawahi kupata tena kitu kama hicho, hata kwenye biashara." Akashindwa kuendelea. Wakatoka wengine. Mwalimu mstaafu alisema Komeo alikuwa akibaki baada ya mazoezi kuwafundisha watoto wa shule kudaka. Na mimi nikashika tena maiki, machozi yananitoka, nikawaeleza ile siku ya mvua, nilivyopakiwa nyuma ya baiskeli, na tulipofika mlimani baba akashuka kuikokota, akaniambia, "Gau, mikono ile imetuokoa msimu mzima, leo imeteleza mara moja, na watu wazima wanamrushia matope. Nimeona aibu kuwa shabiki." Nikasema, "Baba alitamani kumwomba radhi Komeo mpaka anafariki. Mimi leo namwombea radhi baba yangu na uwanja huu wote."

Hapo nikamwona mzee mmoja nyuma kabisa, mrefu, koti refu la kijani, kofia ya sufu ameikunja mkononi, analia mabega yanatikisika. Hajifuti hata machozi. Nami nikajiona mshereheshaji mwenye jicho, nikasema kwenye maiki, "Yule mzee wetu mwenye koti, naona umeguswa sana. Njoo mbele baba, utuambie marehemu ulimfahamuje."

Akatikisa kichwa kukataa. Nikasisitiza (mimi!). "Mpisheni mzee, mpisheni!" Watu wakampisha, wengine wakamsukuma kwa upole, akaja polepole akitazama chini. Alipofika karibu na benchi la maveterani nikasikia kishindo. Upepo ameanguka chali, benchi limeinuka upande mmoja na maveterani wengine wawili wameteremka nalo, na Upepo anapiga kelele, "Mama yangu! Mama yangu, ni yeye!" Mabeki wa zamani, watu waliokuwa wakiogopwa mpaka Mbeya, walikimbia mpaka golini.

Mimi bado sijaelewa. Nikamsogezea maiki. Yule mzee akaishika kwa mikono miwili, na hapo, jamani, nikaiona ile mikono kama koleo.

Akasema, "Shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Marehemu namfahamu vizuri. Tunalala kitanda kimoja." Akapangusa pua. "Basi langu limepata pancha, nimefika nimekuta mmesimama kimya, na mimi nikavua kofia nikasimama. Nikamuuliza ndugu mmoja pale, amefariki nani? Akaniambia Komeo. Nikaona si vizuri kuwakatiza."

Sijui nani alianza kucheka. Kicheko kile kilipanda kama moto wa kiangazi, watu wanacheka wanalia, wanamkimbilia, wanamgusa mikono waone kama ina joto, na mimi natafuta pa kujificha na nimevaa gauni jekundu. Nikamwendea nikapiga magoti. Nikasema, "Baba, nisamehe, nimekuua."

Akaniinua. Akaniambia kwa sauti ndogo, maiki haikusikia, "Mwanangu, nilisikia tangazo redioni nikakaa siku nyingi najiuliza nije au nisije. Nilijua nikifika mtanitajia lile goli. Umelitaja. Na nimesikia ulivyolitaja."

Ningependa kuwaambia mambo yaliishia hapo. Komeo akavalishwa jezi, akasimama golini, Upepo (ameshapanguswa vumbi) akapiga shuti, likadakwa, uwanja ukavamiwa, mechi haikuisha. Lakini nikiwa nashangilia nikamwona Masanja ananijia na uso wa mtu aliyevunja chungu cha wenyewe. "Dada," akasema, "kumbe wa Milepa ni Deo mwingine, na ile dakika moja na maneno yako juu ya marehemu, mimi nilirekodi. Nimeituma kwenye kundi la mashabiki. Nimeweka na mshumaa."

Kundi lile lina watu wa Kate, na kumbe Komeo alikuwa akiishi hukohuko.

Tulipompigia mkewe, Mama Adela, kwa simu ya Komeo, tulipokelewa na kilio. Turubai limeshasimamishwa. Yule mama alimuaga mumewe asubuhi mzima, halafu akaletewa mshumaa na sauti ya mwanamke inasema Mungu amempenda zaidi, akajua basi limepinduka. Komeo akasema, "Mama Adela, ni mimi." Akajibiwa na majirani kwamba mama amezimia, na wewe unayeigiza sauti ya marehemu huna haya? Ilibidi aitaje rangi ya ng'ombe wake na jina la mbwa ndipo wakamwamini. Hapo sikucheka. Kuwachekesha watu uwanjani ni jambo moja, kumfanya mwanamke awe mjane saa nzima bila kosa ni jambo jingine.

Kesho yake baada ya misa nikapanda basi la kwenda Kate na Komeo, dumu la mafuta mapajani, moyo umenikauka. Tukakuta wale waombolezaji bado wapo, maana ugali ulishapikwa na maharage yameiva, wakaona wasiyaache. Mama Adela alikuwa amekaa kwenye mkeka, mwanamke mdogo wa umbo, macho yamevimba. Nikapiga magoti. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa maiki?"

"Ndiyo mama. Nimekuja kuomba radhi."

Nilitegemea tusi, ningelipokea. Akasema, "Yale maneno uliyoyasema juu ya mume wangu. Uliyatoa wapi?"

"Niliyaona mwenyewe, mama. Nilikuwa mtoto."

"Huyu," akamwonyesha Komeo kwa kidevu, "nimeishi naye miaka yote hii, kaniambia alicheza mpira kidogo akaacha. Kidogo! Wajukuu hawajui. Glavu zake anapakulia asali mizingani." Akajisogeza kwenye mkeka, akapigapiga pale kando yake. "Kaa hapa. Anza mwanzo. Na usirukeruke."

Basi nikasimulia, bila maiki, mpaka sauti ikakauka. Za penalti na kamba za viatu, za magoti na changarawe, za baba na karanga. Waombolezaji walikula huku wakiniambia rudia hapo, rudia. Komeo alikwenda kukaa nyuma ya nyumba kwa haya, lakini nilimwona, alikuwa amekaa pale panaposikika.

Tangu siku ile nimeapa: habari ya kifo hata ije na mchanga wa kaburi, sitaitangaza mpaka niulize, na nitauliza hata kama ni kukosa adabu. Na mtu nikimkubali namwambia usoni, asisubiri turubai. Mwaka huu tumefanya bonanza jingine, na asubuhi yake kabla hata sijanywa chai simu ilianza kuita, mkongwe mmoja baada ya mwingine, wa kwanza Upepo. "Dada Gau, shikamoo," akasema, na ananizidi umri yule, "nakujulisha tu kwamba mimi ni mzima."