Mchambuzi wa Tumbaku na Kadi ya Feni Mbili

Kwa miaka mingi Dismasi alichambua tumbaku katika ghala la wakulima pale Kaliua, na aliyetaka kumdanganya alirudi nyumbani na aibu. Wadanganyifu wana mtindo wao: majani mazuri ya rangi ya asali huyapanga juu na pembeni mwa mtumba, lile furushi la kuuzia, yaliyooza huyaficha katikati. Dismasi hakuhangaika na ya juu. Alikunja shati, akazamisha mkono mpaka kwapani, akachomoa jani la tumboni, akalinusa. Wengine walimtukana kwa Kirundi, lugha ya wazazi wake waliokimbilia Ulyankulu kutoka Burundi, naye akawajibu kwa Kirundi hicho hicho.

Vumbi la ghala likamla kifua. Daktari hakumzungusha. "Ukirudi kule msimu ujao," alimwambia, "usije kunitafuta."

Ndipo akaamua kufungua banda la gemu karibu na stesheni, mahali ambapo vijana hungoja treni ya Mpanda bila la kufanya. Mkewe, Godeliva, aliuza mbuzi wake wote. Wakapata kompyuta kuukuu iliyotoka ofisini, skrini, na pedi mbili za kuchezea. Ilikosekana kadi ya grafiksi, kile kifaa kinachoichorea kompyuta picha za mchezo. Bila hiyo wachezaji wa mpira kwenye skrini walitembea uwanjani kwa kuruka kama panzi.

Kornel, fundi wa simu na kompyuta pale Kaliua, alimwelekeza. "Kanunue Tabora ile ndogo ya feni moja. Ina kumbukumbu ya GB mbili tu, lakini ni mbili za kweli. Na kabla hujalipa, waambie waichomeke, wacheze gemu ya mpira mbele yako mpaka mapumziko. Kadi ikiwa baridi haisemi ukweli."

"Watu wa Tabora waseme nimepanda treni kwenda kushangaa mpira dukani?"

"Waseme. Utarudi na kadi nzuri, wao watabaki na maneno."

Duka la kompyuta la Masolwa liko karibu na soko la Tabora. Siku hiyo lilijaa vijana wa mjini. Masolwa aliziweka kadi mbili juu ya kioo, ile ndogo na nyingine ya feni mbili.

"Hiyo ndogo ni ya makarani, mkubwa. Hii ina GB nne, na bei nakupunguzia, iwe chini ya hiyo ndogo. Nimekupenda."

"Umenipenda tangu lini?"

"Tangu ulipovuka mlango."

Vijana wakacheka. Kikubwa kinauzwa chini ya kidogo, na mtu aliyeshinda ghalani miaka yote ile hakujiuliza kwa nini. Dismasi aliipima kadi mkononi, ikawa nzito. Aliisukuma feni kwa kidole, ikazunguka vizuri. Aliinusa, ikanukia upya. Masolwa akaichomeka, na skrini ikaandika nne. Dismasi aliisoma kwa macho yake. Kuomba mpira uchezwe aliona haya mbele ya wale vijana. Akalipa.

Siku ya kufungua, banda lilifurika. Mechi ilianza vizuri kiasi kwamba Godeliva alisimama mlangoni akitabasamu. Kabla ya mapumziko picha ikachanika vipande vya kijani, kisha mashine ikazimika. Wakaiwasha, ikarudia. Kesho yake ikarudia tena.

"Shemeji, tumelipia kuangalia giza?" kijana mmoja alimuuliza Godeliva. Baada ya wiki hakuja mtu.

Kornel alifungua skrubu, akaziondoa zile feni kubwa, akafuta grisi. Chini yake palikuwa na kadi ndogo, ya zamani, iliyochakaa.

"Hii ina GB moja," alisema. "Wameipandikiza programu ya kuifanya iseme nne."

Dismasi aliigeuza mkononi. "Wamenifungia mtumba," akasema.

Alirudi Tabora. Masolwa hakukasirika hata kidogo.

"Mbona inasoma nne?"

"Inasoma uongo."

"Basi uongo nao una wateja, mkubwa. Kuna kijana wa Urambo anaunda kompyuta yake ya kwanza, anatafuta ya bei hii hii. Namba yake hii hapa. Muuzie, uje uchukue ile ndogo, banda lako lifunguke. Mimi sijakuona."

Dismasi alitoka nje ya duka akapiga simu. Ile ndogo aliiona kupitia kioo, ipo palepale.

"Shikamoo, kaka," kijana alisema. "Hiyo kadi ni GB nne kweli?"

Dismasi alikohoa kwanza. "Hapana," akasema. "Na yeyote atakayekuuzia ya namna hiyo, mwambie acheze mpira mbele yako mpaka mapumziko."

Wapo watakaosema Mungu alimwona. Bila shaka alimwona. Lakini mbuzi wa Godeliva hawakurudi, na Masolwa bado anauza, na wanaojua tabia yake bado wanaingia kwake kwa sababu ana bei nzuri. Uaminifu ni wajibu. Anayeutenda akingojea malipo hajaujua. Wala Dismasi simwondolei lawama. Alionywa, akaona haya kuuliza, na haya hiyo aliilipia kwa mali ya mkewe.

Msimu wa tumbaku ulipofunguliwa alirudi ghalani, kitambaa amekifunga puani. Bado anazamisha mkono mpaka kwapani, bado hadanganyiki. Jioni, Godeliva humsikia akikohoa njiani kabla hajamwona.