Bangili Iliyorudi Bila Kukatwa

Benedikta alizikwa mwanzoni mwa masika ya mwaka 1945, nyuma ya nyumba, upande wa shamba la ulezi. Padre alimzika kwa sala kwa sababu alikuwa mbatizwa. Mume wake, Mzee Amsi, hakuwa mbatizwa. Yeye alimlilia kwa desturi ya wazee wake wa Kiiraqw.

Desturi hiyo ni nzito. Aliyefiwa anakaa kando. Hapeani mkono na mtu, hanywi kwenye kibuyu cha jirani, ng'ombe wake hawanywi maji pamoja na ng'ombe wa wenzake, na mnadani hakanyagi mpaka siku zake zitimie na atakaswe. Katekista wa kijiji chao cha Bashay alipita siku moja, akasimama mbali kidogo na boma.

"Mzee, mama alikuwa Mkristo. Huna haja ya kujifungia hivi."

"Yeye alikuwa Mkristo," alisema Amsi. "Mimi je?"

Katekista akaenda zake.

Nyumba ilibaki na mtu mmoja. Mtoto wao wa pekee, Ignasi, alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, amepelekwa vitani Bama, ng'ambo ya bahari, mbali kiasi kwamba hata aliyekuwa akiwasomea barua zake hakujua ni upande gani wa kuelekeza kidole. Msomaji huyo alikuwa Selemani, mwenye duka la chumvi na nguo pale Dongobesh. Barua za askari zilishushwa dukani kwake, na wazee wasiojua kusoma walikuja kukaa kwenye benchi lake wamwone akikohoa na kuanza.

Ignasi naye hakujua kuandika. Shule ya misheni aliikimbia, akarudi kwa ng'ombe. Huko jeshini karani alimwandikia, na chini ya barua yeye aliweka kidole gumba chenye wino. Selemani akimaliza kusoma, Amsi alikuwa akishukuru na kusimama. Benedikta hakusimama. Aliichukua karatasi, akakigeuzia jua kile kidole, akakitazama muda mrefu kama mtu anayetafuta chawa.

"Mama Ignasi, hapo hapana maneno," Selemani alikuwa akimtania.

"Maneno ni ya karani," alijibu. "Hapa ndipo alipo mwanangu."

Amsi alikuwa akiona haya kidogo mbele za watu. Barua zote mke wake aliziweka ndani ya kopo la majani ya chai, na sasa kopo lilikuwa juu ya dari ya miti, na mwenyewe alikuwa chini ya udongo.

Mvua zilipokaribia kwisha, mtu mmoja alisimama ng'ambo ya uzio akapaza sauti kwamba Selemani ana barua ya Ignasi. Baadaye alikuja tena: barua ni mbili, na kifurushi. Baadaye tena: tatu. Amsi alishukuru kila mara. Kwenda hakwenda, na kupokea kitu kutoka mkono wa mtu hakuweza. Alivuna ulezi peke yake akiitazama njia ya Dongobesh. Jambo moja lilimkaa kooni. Ignasi hakuwa na habari kwamba mama yake amekufa. Kila barua iliyokuwa ikingoja kule dukani, bila shaka ilikuwa inamsalimu.

Siku zake zilipotimia, wazee walimtakasa, wakamnyoa, wakanywa naye. Asubuhi iliyofuata alishika fimbo akaenda.

"Shikamoo, mzee," alisema Selemani. "Pole na msiba. Tulikungoja."

"Marahaba. Nimekuja."

Mwantumu, mke wa Selemani, alitoka na kigoda ingawa benchi lilikuwepo. Alipiga goti, akamwamkia, akakaa karibu na mlango akichambua mchele. Selemani akazipanga barua tatu, akafungua ya kwanza.

"Hii niisome, au nikuambie tu? Barua za Keya zote zimepikwa chungu kimoja. Kwanza salamu, pili mimi mzima, tatu chakula kipo, nne msiwe na wasiwasi."

"Soma."

Akasoma, na ilikuwa vilevile. Katikati ya karatasi palikuwa na dirisha. Wakubwa wa jeshi walikuwa wamelikata neno kwa wembe ili watu wasijue askari wako wapi. Mwisho: *Nisalimieni mama, mwambieni bangili yake bado ipo mkononi, sajini alitaka kuikata nikamwomba.*

Bangili hiyo ilikuwa ya shaba. Ignasi alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, homa ilimlaza karibu kufa. Alipopona, Benedikta alimwita Gidahosh, mhunzi wa Kidatoga kutoka tambarare za Hanang, akaigonga bangili ikafungwa kwenye mkono wa kulia wa mtoto. Mtoto akakua, mkono ukakua, bangili ikabaki ileile. Siku ya kwenda jeshini walijaribu kuitoa ili ibaki nyumbani. Walipaka samli, wakavuta mpaka ngozi ikachubuka. Haikupita. Akaenda nayo.

Selemani akafungua barua ya pili, pamoja na kifurushi. Akasoma: *Mimi mzima. Chakula kipo. Bangili ya mama naituma, aitunze. Inanibana kwa kuwa nimenenepa.*

"Unaona?" alicheka Selemani. "Wenzetu wanakula nyama ya kopo huko. Akirudi mlango utaubomoa."

Kutoka kwenye kitambaa ikaanguka bangili. Mwantumu naye alicheka, na Amsi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu masika. Aliichukua akaizungusha kwenye vidole. Pale mhunzi alipoigonga palikuwa bado pamefungwa, na alama ya nyundo ilikuwepo. Akaizungusha tena, polepole.

"Haikukatwa," alisema.

"Nini, mzee?"

"Mtu aliyenenepa anaitoaje bila kuikata?"

Selemani aliinama kuitazama. "Labda sabuni. Jeshini kuna sabuni nyingi."

"Mwanangu," Amsi alimwambia Mwantumu, "mkono wako ni mwembamba. Jaribu."

Mwantumu alileta sabuni na maji, akapaka mkono mpaka ukateleza kama samaki. Akakunja kidole gumba ndani. Bangili ikafika kwenye vifundo vya vidole ikakwama. Akasukuma mpaka machozi yakamtoka.

"Acha, utaumia," alisema mume wake.

"Haipiti," alisema Mwantumu. Aliiosha, akairudisha kwa mikono miwili, wala hakurudia kuchambua mchele.

Amsi alijua njia moja tu ya bangili hiyo kutoka bila kukatwa. Mkono hauko. Na mkono wa askari unapokuwa hauko, mara nyingi mwenyewe naye hayuko.

"Soma ya tatu," alisema.

*Mimi mzima. Vita vimekwisha, Mjapani amesalimu amri. Nimeambiwa kuna kazi ya ulinzi Nairobi. Msiningoje. Nisalimieni mama.*

"Si umeona, mzee, ni mzima," alisema Selemani. Sauti yake haikuwa na nguvu.

"Hiyo imeandikwa na nani?"

"Na karani."

"Karani anaweza kuandika hata kwa ajili ya maiti."

Amsi alisimama. Alizifunga barua ndani ya kitambaa, bangili akaivalisha kwenye kichwa cha fimbo, akarudi Bashay. Njiani alipishana na watu wakamwamkia, akaitikia, lakini hakumjua hata mmoja. Benedikta alikuwa na heri, alifikiri. Halafu akajuta kufikiri hivyo. Benedikta angejua la kufanya.

Ni wazo hilo lililomfanya aliteremshe kopo. Alikaa mlangoni kwenye jua, akazitandaza barua zote kwenye ngozi ya ng'ombe, za zamani upande huu, mbili za mwisho upande ule. Hakujua herufi hata moja. Akafanya alivyokuwa akifanya mke wake: akakitazama kidole.

Vya zamani vyote vilikuwa kidole kimoja. Mistari yake ilizunguka vizuri kama nyasi za kiota. Akachukua ile iliyokuja na bangili. Kidole hiki kilikuwa kingine. Katikati yake ulipita mstari mweupe, wa kulala, wino haukuushika. Basi ni kweli, mtu mwingine ameweka kidole chake kwa huruma. Akachukua ya mwisho. Mstari uleule.

Aliitazama mistari miwili mpaka jua likahama na kivuli cha mlango kikamfikia miguuni. Ndipo akakumbuka siku ya mavuno, Ignasi bado kijana mdogo, akikata ulezi kwa papara ili awahi mnadani. Anayevuna hushika mashuke kwa mkono wa kushoto na mundu kwa mkono wa kulia. Mundu uliruka ukachana kidole gumba cha kushoto, ukalala hivi, katikati. Benedikta alikifunga kwa kitambaa cha kichwa chake. Kilipona na kovu.

Amsi aliinua kidole gumba chake akakilaza juu ya kile cha kwenye karatasi, taratibu, kama Benedikta alivyokuwa akifanya alipodhani haonwi.

Ignasi alikuwa hai. Mkono wa kulia haukuwepo. Na kazi ya Nairobi ilikuwa uongo wa mtu anayeona aibu kurudi kwao nusu.

Kesho yake asubuhi alikuwa dukani kabla Selemani hajafungua.

"Niandikie," alisema.

Selemani alitoa karatasi. "Nianze na salamu?"

"Hapana. Andika: Ignasi, mama yako alikufa mwanzo wa masika. Nilikuficha, kwa sababu nilikuwa msibani, na kwa sababu niliogopa."

Selemani aliandika. Kalamu ilikuwa ikikwaruza.

"Andika: Na wewe umenificha mkono. Nimeuona."

"Hivyo tu? Nisiongeze pole kidogo?"

"Usiongeze. Andika: Mimi nimebaki peke yangu na shamba. Rudi. Basi."

Selemani aliifuta kalamu, akamsogezea wino na kukishika kidole gumba chake cha kulia kumsaidia. Amsi akakitoa. Akachovya cha kushoto.

"Mzee, watu huweka cha kulia."

"Huyu ninayemwandikia hajui kusoma," alisema Amsi. "Ataisikia kwa mtu mwingine, kama mimi. Lakini hiki atakiona mwenyewe."

Barua ilikwenda, na jibu halikuja. Mwezi ukapita, na mwingine. Amsi alipanda ulezi. Kila siku ya mnada alikwenda kukaa kwenye benchi, na Mwantumu alimpa maji bila kumwuliza kitu. Selemani aliacha utani kabisa, jambo lililowashangaza wateja.

Ulezi ulipokuwa umekauka, siku ya mnada, lori lilisimama mbele ya duka kupakua chumvi. Mtu mwenye koti refu la jeshi alishuka nyuma, akiupa uso ukuta wa lori. Mkono wa koti wa kulia ulikuwa umechomekwa mfukoni, mwembamba, hauna kitu ndani. Watu waliokuwa wakipatana bei ya mbuzi waligeuka kutazama. Alisimama hivyo, kama anafikiri kupanda tena.

Amsi alinyanyuka kwenye benchi, akavuka akamfikia, akamnyooshea mkono wa kushoto. Mzee hasalimiani kwa kushoto, na pale wote walikuwa wakitazama. Ignasi aliutazama mkono ule, halafu akautoa wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekonda. Uliandika kwamba umenenepa."

Ignasi alicheka, na kicheko kikamgeukia katikati. Alilia palepale ameshika mkono wa baba yake. Selemani aliwageukia watu. "Mbuzi hawanunuliwi leo?" alisema, na watu wakarudi kwenye mbuzi wao.

Njiani kwenda Bashay Ignasi alizungumza kidogo kidogo. Ilikuwa kando ya mto, bomu liliangukia kwenye mti. Kiganja kilisagika, na hospitali waliukata mkono chini ya kiwiko. Aliyemuuguza aliivua bangili kwenye kile kilichokatwa, akaiosha, akampa imefungwa kwenye karatasi. Hakutaka kuiona tena, na kuitupa alishindwa, basi akaituma kwa mama.

"Karani alisema majeraha hayaandikwi," alisema. "Alisema huku nyumbani mtalia bure. Kila mtu mle wodini aliandikiwa mimi mzima. Kulikuwa na mmoja hana macho. Mimi mzima."

Amsi alipunguza mwendo, wakaenda sambamba.

"Nilipoletewa barua yako, aliyenisomea alianza na habari ya mama. Nikasema basi, sina wa kumrudia. Ndipo akanionyesha chini: kidole gumba cha kushoto, kama changu." Ignasi alisimama. "Wewe ndiye uliyeona, baba?"

"Mama yako angeona siku ileile barua inafika. Mimi nilizunguka sana."

Walipofika walikwenda kwanza nyuma ya nyumba. Ignasi alikaa chini kando ya kaburi mpaka ng'ombe wakarudi. Bangili Amsi alikuwa ameifukia pale kichwani, haikukatwa.

Asubuhi waliingia shambani. Ignasi alichukua mundu kwa mkono wa kushoto, akaupima uzito, akakata hewani mara mbili tatu kama mtoto. Kisha akayatazama mashuke. Mkono wa kuyashika haukuwepo.

Amsi aliinama, akayakusanya kwa mikono yake miwili, akayabana.

"Kata," alisema.

"Nitakukata kidole, baba. Huu mkono hauna akili."

"Kata taratibu. Hatuwahi mnada."