Ukingo wa Medali ya Kuttappa

Kila mwaka mvua zilipoanza kupungua, watu wa Gonikoppa, huku Kodagu, na vijiji vyake walimletea Poonacha panga walizodai ni za Sultani Tipu, mtawala wa kale wa Mysore. Walizileta kwenye magunia, walizileta zimeviringishwa kwenye sari kuukuu, na mmoja aliwahi kuleta wake ndani ya bomba la maji. Poonacha, fundi wa silaha aliyestaafu jeshini, alikuwa akiketi barazani kwake na miwani puani, akaugeuza upanga mara mbili, kisha akaunusa.

“Huu umefukiwa kwenye samadi,” alikuwa akisema. “Miezi mitatu hivi, na chumvi juu yake. Tipu angekuwa na panga zote mnazoniletea nyie, asingeshindwa vita.”

Watu walicheka, wakanywa kahawa yake, wakaondoka na vyuma vyao. Lakini kwenye medali Poonacha hakuwa na mzaha hata chembe. Alipokuwa kijana kambini, sajini mmoja mzee alimwonyesha jambo ambalo kijijini kwao hakuna aliyelijua: kwamba ile medali ya fedha ya vita vya kwanza vya dunia haikuambii kitu usoni. Mbele kuna kichwa cha mfalme, nyuma kuna mtu juu ya farasi, na hivyo ni vilevile kwa kila askari. Mwenye medali yuko ukingoni, kwenye ule unene wake, katika herufi ndogondogo zilizogongwa kwa chuma: namba, cheo, jina, kikosi. Aliporudi likizo alimkuta mfua fedha wa sokoni akiziyeyusha kutengeneza vikuku, nane kwa mpigo. Siku hiyo alinunua zote nane kwa mshahara wake na akarudi nyumbani kwa miguu.

Tangu hapo hakuacha. Zilijaa kabati zima, kila moja na kikaratasi chake: fulani, wa kijiji fulani, aliyefia mahali fulani. Akiupata ukoo wa mwenyewe, aliwarudishia bila kudai hata rupia. Mkewe Bollamma alikuwa akiwaambia wageni, “Nyumba yangu imejaa waume za watu, na hakuna hata mmoja anayenisaidia kuchuma kahawa.”

Mtu ambaye Poonacha alimchukia kuliko wote duniani ni mfanyabiashara mmoja wa Mysore, aliyekuwa akifuta majina ya askari wa kawaida kwa tupa na kugonga majina ya mashujaa ili awauzie wageni. “Yule anaua maiti,” Poonacha alikuwa akisema, na mishipa ya shingo inamtoka. Kwa hiyo neno lake lilikuwa na uzito. Akisema medali ni ya kweli, wakuu wa koo walinyamaza na kukubali.

Mwezi Agosti mwaka 1993, Dechamma alipanda ngazi za baraza lake polepole, mkono mmoja kwenye mkongojo, mwingine umefumba kitu.

“Fundi, upo?”

“Nipo, Shangazi. Pita ukae. Bollamma, kahawa!”

“Kahawa baadaye. Kwanza niazime macho yako.”

Kijiji kizima kilizijua habari za Dechamma. Baba yake, Kuttappa, aliondoka kwenda vita vya Mesopotamia yeye akiwa na miaka miwili. Hakurudi. Aliyerudi ni mwenzake, akasema hakumwona akifa. Alimwona akitupa bunduki na kukimbilia kwenye matete. Miaka mitano baada ya Kuttappa kuondoka medali ikaja kwa posta, bila barua, na wazee wakasema imekosea nyumba, maana kijiji cha pili palikuwa na askari mwingine aliyekufa na karani wa posta alikuwa mlevi. Kwetu mtu akifa, bunduki hulia mara mbili mfululizo, bonde zima likajua. Kwa Kuttappa hazikulia. Mababu waliokufa walipoandaliwa chakula chao, jina lake halikuitwa. Wala hakuna aliyekuja kuposa binti wa mtoro, hivyo Dechamma alizeekea kwenye nyumba kuu ya ukoo, akiwapikia watoto wa wengine. Sikukuu ya silaha, Kailpoldu, ilipofika, wanaume waliweka bunduki zao chini ya taa ya mababu. Yeye medali yake aliiweka kwenye sahani, jikoni.

“Biddappa amekuwa mkuu wa ukoo sasa,” alisema, akiketi. “Si kama baba yake. Kaniambia, ‘Shangazi, kumbe jina huwa ukingoni, mpelekee Poonacha. Akilikuta jina la babu mdogo Kuttappa, mimi mwenyewe nitapiga bunduki mbili siku ya Kailpoldu, na chakula chake atapewa.’” Akafumbua kiganja. “Haya, nisomee.”

Poonacha aliipokea, na kabla hata hajavaa miwani akaona kuna kasoro. Medali iling’aa kupita kiasi. Alipitisha kidole ukingoni, akazunguka mpaka alipoanzia. Palikuwa laini kabisa.

“Shangazi, unaisafishaje?”

“Kwa ukwaju na majivu,” alijibu kwa fahari. “Tangu ilipokuja, nina miaka saba. Kila Kailpoldu, wao na bunduki zao, mimi na hii. Huwa naanza hapo ukingoni, maana ndipo uchafu hujificha. Nasugua mpaka mama alikuwa akinikataza.”

Poonacha aliipeleka kwenye mwanga, akaipaka masizi, akaifuta, akaweka karatasi juu na kuisugua kwa kalamu ya risasi. Aliilaza hivi, akailaza vile. Palikuwa na kijistari kimoja kilichosimama, ambacho kingeweza kuwa K, kingeweza pia kuwa R au kuwa mkwaruzo tu. Bollamma aliweka kahawa mezani, akauona uso wa mumewe, akarudi ndani.

“Jina lilikuwepo, Shangazi,” alisema hatimaye. “La nani, siwezi kujua. Limefutika.”

“Limefutwa na nani?”

Alitamani aseme ni unyevu, ni mvua za Kodagu, ni mende. Alichelewa. Dechamma alikuwa tayari anatazama vidole gumba vyake.

“Mimi,” alisema. “Miaka sabini na miwili. Nimemsugua baba yangu mpaka nimemmaliza.”

Hakulia. Alikunywa kahawa yote, akashukuru, akaiacha medali pale mezani kana kwamba haimhusu tena, akashuka ngazi. Poonacha alimtazama mpaka alipopotea kwenye mipilipili, na akahisi uchungu ambao hakuwahi kuuhisi kwa wafu wake wote wa kabatini.

Siku tatu kabla ya sikukuu, Biddappa alimkuta Poonacha dukani akinunua baruti.

“Vipi, Mzee Poonacha? Shangazi hasemi kitu, hali chakula. Jina lipo au halipo?”

“Lipo,” alisema Poonacha.

Neno lilishatoka. Biddappa alimshika mikono yote miwili, akaenda zake kuwaalika watu, na Poonacha akabaki kaunta amesimama na baruti yake, bado akitafuta namna ya kumwita arudi.

Mchana ule alimtuma Bollamma kwa dada yake. Akafunga mlango wa karakana, akatoa seti yake ya herufi za chuma, ndogo kabisa, alizokuwa akigongea namba kwenye bunduki za jeshi. Aliibana medali kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya ngozi. Jina alilijua, kikosi alikijua. Namba hakuijua, ikabidi aibuni, na hapo aliiweka nyundo chini mara mbili, kwa sababu namba ile huenda ilikuwa ya askari mwingine. Baadaye alizisugua herufi kwa majivu na kipande cha mkanda mpaka zikafifia. Ilikuwa kazi safi sana. Yule mtu wa Mysore angempa mkono.

Asubuhi ya Kailpoldu nyumba kuu ilijaa. Wanaume walivaa makoti meusi na mishipi myekundu, visu vya fedha viunoni. Bunduki ziliegemezwa chini ya taa, zimepakwa sandali, midomoni zimechomekwa maua mekundu yenye njano. Jikoni nyama ya nguruwe ilikuwa inachemka. Biddappa aliipokea medali kwa Poonacha, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango na kusoma kwa sauti, herufi moja moja, mpaka akalimaliza jina. Watu wakaguna. Mzee mmoja, mtoto wa yule aliyerudi na habari za matete, aliinamisha kichwa.

“Iweke mwenyewe, Shangazi,” Biddappa alisema.

Dechamma aliichukua. Kidole gumba chake kikaenda ukingoni, kama kilivyozoea, kikaanza kuzunguka. Kikasimama. Akainua macho akamtazama Poonacha, na Poonacha akajua kwamba amejua. Kwa aibu akatazama sakafu. Bikizee aliirudisha medali kiganjani, akaifumbata, watu wakidhani ni furaha. Kisha akapiga hatua mbili na kuiweka chini ya taa, kati ya bunduki.

Biddappa alitoka uani. Mlio wa kwanza ukasikika, na wa pili ukaufuata palepale. Mbwa wakabweka ng’ambo ya mashamba ya mpunga. Milango ikafunguliwa huko chini, na mwanamke mmoja, ambaye hakuwa na habari ya lolote, akapaza sauti kutoka barabarani:

“Jamani, nani amekufa?”

Dechamma alikwenda mpaka ukingo wa baraza bila mkongojo.

“Baba yangu!” aliita. “Baba yangu amekufa!”

Ndipo akalia, mzee wa miaka sabini na tisa, akalia kama mtu aliyefiwa asubuhi ile ile, na wanawake wakaja wakamkalisha katikati yao, wakamwambia pole.

Jioni, wakati wa kuagana, alimshika Poonacha mkono.

“Herufi zako zina ncha, mwanangu. Baba hakuwa na ncha hata moja.”

“Shangazi, nitawaambia. Kesho nitamwendea Biddappa.”

“Ukamwambie nini? Amwite baba tena kutoka alikokwenda?” Alimpapasa kiganja. “Mimi nimefaidi, wewe umepata hasara. Najua ilivyokugharimu. Sina cha kukulipa.”

Hakumwendea Biddappa. Juma lililofuata akaja kijana kutoka Virajpet na medali ya babu yake, akaomba asomewe. Poonacha aliipokea, akaishika kidogo, akamrudishia. Alimwambia macho yake yamekwisha, atafute mtu mwingine. Mpaka leo anawaambia hivyo wote, na asubuhi Bollamma humkuta barazani, miwani puani, anasoma gazeti mpaka herufi zake ndogondogo.